Chumba katika nyumba ya pamoja Ujerumani: jinsi ya kukipata na kinavyomsaidia mgeni

Miezi yangu minne ya kwanza Ujerumani nilikaa peke yangu. Kilikuwa chumba kimoja ghorofa ya tano mjini Leipzig, chenye jiko dogo pembeni, na katika jengo zima sikuwa namjua mtu. Nilikuwa mafunzoni, nasomea uuguzi. Nikitoka zamu ya usiku nalala, nikiamka jioni nakuta barua. Nilizipanga juu ya friji bila kuzifungua, maana nikizifungua sielewi, na nisipoelewa sina wa kumuuliza. Moja ya barua hizo ilinijia mara tatu kabla sijatambua kwamba nadaiwa.

Kisha nikahamia nyumba ya watu wanne. Usiku wa pili, mwenzangu wa chumba cha mkabala, fundi umeme mpole asiyependa maneno mengi, aliona zile bahasha mkononi mwangu. Akavuta kiti jikoni, akafuta meza, akasema tuanze na ya zamani kuliko zote. Tulimaliza saa tano usiku. Tatu zilikuwa za kutupa, mbili fomu za kujaza, moja ya kulipa kabla ya Ijumaa.

Ndiyo maana nikiulizwa faida ya nyumba ya pamoja, siwezi kuanza na kodi ya nyumba. Ujerumani mambo mengi bado yanakwenda kwa barua: bima, benki, kodi ya mapato, kibali cha kuishi. Mgeni anahitaji mtu wa kusoma naye barua kabla hata hajahitaji marafiki, na mtu huyo hupatikana kirahisi zaidi ukiwa unakutana naye kila siku kwenye sinki.

Nyumba hizi huitwa WG, na hutamkwa "ve-ge". Kila mtu ana chumba chake na ufunguo wake. Jiko, bafu na choo ni vya wote.

Faida za mfukoni

Jambo linalowashangaza wageni wengi ni kwamba nyumba nyingi za kupanga Ujerumani hukabidhiwa tupu kabisa. Hakuna kabati wala taa, na mara nyingi hata jiko halipo: unakuta bomba na nyaya zimetokeza ukutani. Ukiingia peke yako unaanza kununua jiko, friji na mashine ya kufulia kabla hujapokea mshahara wa kwanza. Kwenye WG vitu hivyo kwa kawaida vipo.

Ipo pia ada ya redio na televisheni ya umma, ile iliyoniandikia mara tatu. Tangu 2021 ni euro 18.36 kwa mwezi, na hutozwa kwa nyumba, si kwa kichwa. Peke yangu nililipa yote. Tukiwa wanne, kila mmoja anatoa 4.59. Intaneti nayo tunagawana hivyo hivyo.

Kisha kuna kikwazo cha karatasi. Mwenye nyumba akikupangisha nyumba nzima huomba hati za mishahara ya miezi mitatu na ripoti ya Schufa, yaani taasisi inayotunza historia ya madeni ya watu. Mgeni wa wiki mbili hana historia yoyote. Kwenye WG mara nyingi wanaokuchagua ni wakazi wenyewe, na wao hutazama zaidi kama mtaelewana.

Kutafuta

Matangazo mengi yapo kwenye tovuti ya WG-Gesucht na kwenye mbao za vyuo. Wanafunzi wajaribu pia Studierendenwerk, shirika linaloendesha mabweni. Jihadhari na Septemba na Oktoba, maana muhula wa baridi ndipo unapoanza na kila mtu anatafuta. Ukikwama, chukua chumba cha muda kinachoitwa Zwischenmiete: mwenyewe amesafiri kwa miezi kadhaa na anataka mtu wa kukishika. Mimi naona ni njia nzuri ya kuonja maisha haya kabla ya kujifunga.

Soma tangazo lote. Ukiona neno Zweck-WG, ujue wakazi wanagawana gharama tu na kila mmoja ana maisha yake. Si kosa, lakini kwa mtu aliyefika juzi naona bora utafute nyumba ambayo watu wanakula pamoja walau mara moja moja.

Andika ujumbe wako mwenyewe kwa kila nyumba. Taja jambo moja ulilolisoma kwenye tangazo lao, sema unafanya nini, unatoka kazini saa ngapi, unapendelea utulivu au kelele. Kijerumani chako kikiwa kibovu, andika hivyo hivyo kwa sentensi fupi. Mimi niliandika jumbe thelathini na mbili, nikajibiwa sita, nikaitwa nyumba tatu.

Na usitume pesa kabla hujaingia ndani ya chumba ukakiona kwa macho yako. Mtu mmoja aliniandikia kwa upole mno, akisema yuko nje ya nchi kikazi, nilipe dhamana naye atanitumia ufunguo kwa posta. Picha zilikuwa nzuri na kodi chini sana. Nilikuwa nimeshafungua programu ya benki nilipompigia mwalimu wangu wa lugha, naye akaniambia niifunge. Namshukuru hadi leo.

Siku ya kwenda kutazama

Watakukaribisha jikoni, mtaongea nusu saa, kisha watajadiliana. Wanakuchagua, ndiyo, ila nawe unawachagua. Chungulia bafuni. Mimi kitu cha kwanza ninachotazama ni meza ya jikoni na viti vyake. Nyumba ya kwanza niliyoitwa walikuwa watano na jikoni kulikuwa na kiti kimoja kilichowekewa maboksi. Wote walikula vyumbani. Nyumba niliyoichukua ilikuwa na viti vinne, kila kimoja cha aina yake, na kalamu ikining'inia kwa uzi kando ya kalenda.

Swali ambalo usiondoke bila kuliuliza ni hili: *Kann ich mich hier anmelden?* Yaani, naweza kujiandikisha kwa anwani hii? Sheria inakutaka ujiandikishe ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na tangu Novemba 2015 ni lazima upeleke karatasi ya aliyekupa nyumba, iitwayo Wohnungsgeberbestätigung. Bila usajili, namba yako ya mlipakodi haina pa kutumwa, na mwajiri asipokuwa nayo anaweza kukukata kodi ya mapato kwa daraja la sita, ambalo ni zito kuliko yote. Kibali cha kuishi nacho kinategemea anwani. Wakikwambia "kaa tu, ila usijiandikishe", shukuru na uondoke hata kama chumba kina dirisha la kuvutia.

Mkataba

Hapa tulia, maana mikataba ya WG ni ya aina tatu na kila moja ina uzito wake.

Ya kwanza, wote mmesaini mkataba mmoja na mwenye nyumba. Mna haki sawa, lakini deni nalo ni la wote: mmoja akiacha kulipa, mwenye nyumba anaweza kudai kodi yote kutoka kwa yeyote kati yenu. Ya pili, mmoja ni mpangaji mkuu na wengine wamepanga kwake. Hii ndiyo niliyoingia mimi. Omba kuona ruhusa ya mwenye nyumba, kwa sababu kupangisha kwa siri kunaweza kumfanya mpangaji mkuu afukuzwe, nawe ukamfuata. Ya tatu, kila mkazi ana mkataba wake wa chumba na mwenye nyumba. Hiyo ina usumbufu mdogo kuliko zote, ila wenzako unaweza kuletewa tu bila kuulizwa.

Tazama kama kodi iliyoandikwa ni Kaltmiete au Warmmiete. Ya kwanza ni chumba peke yake. Ya pili ina joto, maji na takataka ndani yake. Umeme mara nyingi hauko kwenye yoyote kati ya hizo, kwa hiyo uliza.

Dhamana huitwa Kaution. Kisheria haizidi kodi tupu (ile Kaltmiete) ya miezi mitatu, na unayo haki ya kuilipa kwa awamu tatu za kila mwezi. Wageni wengi hulipa yote kwa mkupuo kwa sababu hakuna aliyewaambia. Ilipe kupitia benki ili ibaki kumbukumbu.

Siku ya kuingia

Piga picha za chumba kabla hujashusha begi. Vuta kabati utazame nyuma yake, hasa kwenye ukuta unaopakana na nje. Nyuma ya langu kulikuwa na kuvu jeusi la ukubwa wa sinia. Tuliliandika kwenye karatasi ya makabidhiano, mpangaji mkuu akasaini, nami nikasaini. Nilipohama miaka miwili baadaye sikudaiwa hata senti kwa ule ukuta.

Kisha shuka chini ubandike jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele. Mtu wa posta Ujerumani anafuata jina lililobandikwa. Anwani hutaja namba ya jengo, lakini kwa kawaida haitaji namba ya mlango wa kila nyumba ndani yake kama wengi wanavyodhani. Jina lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka, na ndani yake huenda ikawa kadi yako ya bima.

Ufunguo utunze kama pasipoti. Katika majengo mengi ufunguo mmoja unafungua mlango wa nyumba, lango na ghala, na ukipotea unaweza kutakiwa kulipia vitasa vya jengo zima. Kata bima ya Haftpflicht, inayolipa hasara unazowasababishia wengine, na hakikisha imetaja funguo.

Kukaa vizuri

Dirisha linafunguliwa wazi kabisa dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, hata wakati wa theluji, na kifaa cha joto kimezimwa. Nilidhani wananitania. Ukikaa na dirisha limefungwa majira yote ya baridi, unyevu wa pumzi na wa kupika unaishia ukutani, na kuvu linaanza. Kimya cha usiku ni saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili hakuna kutoboa ukuta wala kupiga mashine yenye kelele. Takataka zina mapipa yake kwa rangi. Siku ya kwanza mwombe mwenzako akutembeze kwenye mapipa, utajifunza mengi kwa dakika tatu kuliko kusoma karatasi nzima.

Ratiba ya usafi ifuate hata usipoambiwa. Na likikukera jambo, lisemee mapema, tena mezani, wala si kwa karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Kwangu shida ilikuwa usingizi. Nikirudi saa moja asubuhi nalala, na saa tatu mwenzangu mmoja anawasha mashine ya kufyonza vumbi ukutani pangu. Nilivumilia wiki tatu, nikawa nalia bafuni kwa uchovu. Nilipojikaza nikasema, alishtuka. Hakujua kabisa kwamba nalala mchana. Siku hiyo hiyo nikaandika zamu zangu kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu, na tukakubaliana kwamba siku zenye alama nyekundu mashine haiwashwi kabla ya saa tisa alasiri. Wiki zile tatu nilijitesa bure.

Kuhusu lugha, nawasihi: msikimbilie nyumba ambayo nyote mnatoka nchi moja, ingawa najua inavyoliwaza moyo. Niliwaomba wenzangu tuongee Kijerumani hadi sahani ziwe zimeoshwa, baada ya hapo yeyote aongee anachotaka. Wodini wagonjwa wazee wanaongea haraka, wanameza maneno, kama wenzangu walivyoongea wakiwa na chakula mdomoni. Darasani sikuwahi kufundishwa kusikiliza mtu wa namna hiyo.

Kuhama

Notisi ya kawaida ni miezi mitatu: ikimfikia mwenye nyumba kabla ya siku ya tatu ya kazi ya Machi kupita, unatoka mwisho wa Mei. Chumba chenye samani ndani ya nyumba anayoishi mwenye nyumba mwenyewe kinaweza kuwa na notisi fupi, hadi tarehe 15 kwa ajili ya mwisho wa mwezi huo huo. Notisi iwe karatasi yenye saini ya mkono, kwani barua pepe haihesabiki. Ukiwa na haraka, zungumza na wenzako mtafute mtu wa kuchukua nafasi yako. Wengi hukubali akipatikana anayefaa.

Sasa naishi WG nyingine, ya watu watatu, na safari hii mpangaji mkuu ni mimi. Mwezi uliopita tulimpokea dada mmoja aliyekuja kwa kazi kama yangu. Begi lake lilikuwa bado koridoni tuliposhuka kubandika jina lake chini. Barua ya kwanza ilimjia siku ya sita. Aliingia nayo jikoni ameishika kwa mikono miwili, akaiweka mezani bila kuifungua, nami nikavuta kiti.