Kupima kina cha umaskini Uganda, mwaka hadi mwaka: mwongozo wa hatua kwa hatua

Matokeo ya utafiti wa kaya yakitoka Kampala, watu hukimbilia tarakimu moja tu: asilimia ngapi ya Waganda ni maskini. Mwaka 1992/93 ilikuwa takriban 56. Kufikia 2012/13 ilishashuka hadi 19.7, ikapanda 21.4 mwaka 2016/17, kisha ikawa 20.3 mwaka 2019/20. Nimezunguka West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na timu za wadadisi kukusanya majibu yanayozaa tarakimu kama hizi, na ninaziheshimu. Ila zinanyamazia jambo ambalo kwangu ndilo kubwa: huyo maskini yuko chini ya mstari wa umaskini, yaani kiasi cha chini cha matumizi anachohitaji mtu, kwa umbali gani? Anayepungukiwa shilingi 2,000 na anayepungukiwa 40,000 wote huhesabiwa mmoja mmoja, sawasawa.

Umbali huo unapimika. Unahitaji daftari au Excel, na subira.

Hatua ya 1: Pima matumizi, usiulize mshahara

Mkulima hana mshahara wa kukutajia. Ana alichokula, alichonunua na alichopewa. Ndiyo maana UBOS, shirika la takwimu la taifa, hupima umaskini kwa matumizi ya kaya. Chakula huulizwa kwa siku saba zilizopita. Vitu visivyonunuliwa mara kwa mara huulizwa kwa kipindi kirefu zaidi.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Siku moja, nje kidogo ya mji wa Arua, nilimsikiliza mdadisi kijana akimhoji mama mmoja.

"Mama, wiki hii mmenunua chakula gani?"

"Chumvi na mafuta kidogo, mwanangu."

Kijana akaandika chumvi, akaandika mafuta, akafungua ukurasa mwingine. Nyuma ya mama, mihogo iliyomenywa ilikuwa imeanikwa juani kwenye turubai zima. Nikaomba niulize mimi.

"Na hiyo mihogo, mama?"

"Sasa nitanunuaje mihogo na shamba lile pale?"

Kaya ile ingeingia kwenye takwimu kama watu walioishi wiki nzima kwa chumvi na mafuta. Chakula cha shambani lazima kiandikwe na kithaminiwe kwa bei ya soko la hapo hapo. Ukitumia bei ya Kampala, utamtajirisha mtu wa kijijini kwenye karatasi tu.

Jambo la pili ni fungu. Sokoni mihogo, nyanya na viazi huuzwa kwa fungu, na bei ya fungu ina tabia ya kutobadilika. Ni 1,000 wakati wa mavuno, na ni 1,000 wakati wa njaa. Kinachobadilika ni fungu lenyewe. Tembea na mizani. Nunua mafungu matatu kwa wauzaji watatu tofauti, yapime, uandike kilo pamoja na tarehe. Rudia msimu ukibadilika.

Hatua ya 2: Gawanya kwa walaji

Mtoto wa miaka mitatu hali chakula kingi kama baba yake. Badala ya kugawa matumizi kwa idadi ya vichwa, kila mtoto huhesabiwa kama sehemu ya mtu mzima kulingana na umri wake. Jedwali lolote utakalochagua, lishikilie hilo hilo miaka yote.

Hatua ya 3: Weka mstari, kisha usiuguse

Mstari wa umaskini uliotumika Uganda kwa miaka mingi ulijengwa juu ya kapu la chakula wanachokula watu wa kipato cha chini, la kumtosheleza mtu mzima kalori 3,000 kwa siku, pamoja na mahitaji yasiyo chakula. Chimbuko lake ni takwimu za mwanzoni mwa miaka ya 1990. Unaweza kubishana na kapu hilo, na hoja zipo. Lakini ukibadilisha kapu katikati ya safari, hutajua kama waliosogea ni watu au ni mstari. Ukilazimika kulibadilisha, rudi nyuma ukahesabu miaka yote upya.

Hatua ya 4: Ondoa bei

Tuseme mstari wetu wa mfano ni shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mtu mzima. Mwaka wa pili bei zimepanda kwa asilimia 25. Gawanya matumizi yote ya mwaka wa pili kwa 1.25: aliyetumia 45,000 anasomeka 36,000. Tumia bei za vitu ambavyo maskini hununua kweli. Posho, yaani unga wa ugali wa mahindi, ikipanda kuliko simu, anayeumia ni anayekula posho.

Hatua ya 5: Hesabu pengo

Chukua watu watano. Mwaka wa kwanza walitumia 24,000, 42,000, 54,000, 66,000 na 90,000. Watatu wako chini ya mstari, yaani kiwango ni asilimia 60.

Sasa kwa kila mmoja, toa matumizi yake kwenye 60,000, kisha gawa kwa 60,000. Aliye juu ya mstari anapata sifuri. Kwenye Excel, kama matumizi yako kwenye safu B, andika =MAX(0,1-B2/60000) na uburute hadi chini. Utapata 0.6, 0.3, 0.1, 0 na 0. Jumla ni 1.0, gawa kwa watu wote watano, si kwa maskini peke yao. Pengo la umaskini ni 0.20, yaani asilimia 20.

Mwaka wa pili, bei zikiwa zimeondolewa, watu watano walitumia 12,000, 36,000, 63,000, 72,000 na 96,000. Maskini ni wawili: kiwango kimeshuka hadi asilimia 40. Lakini mapengo ni 0.8 na 0.4, jumla 1.2, na pengo limepanda hadi asilimia 24. Mmoja amevuka mstari kwa shilingi 3,000 tu, na wawili wamezama zaidi. Kiwango peke yake kingekufanya uwapigie makofi.

Pengo hili lina lugha ya fedha pia. Kuwafikisha wote kwenye mstari kungehitaji 60,000 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, na 72,000 katika mwaka wa pili.

Hatua ya 6: Zidisha pengo kwa lenyewe

Hii ni fupi. Kila pengo lizidishe kwa lenyewe kabla ya kujumlisha, ili aliye chini kabisa apewe uzito zaidi. Mwaka wa kwanza unapata 0.092, wa pili 0.16. Kipimo hiki huitwa ukali wa umaskini. Familia hii ya vipimo ilitolewa mwaka 1984 na wachumi Foster, Greer na Thorbecke.

Hatua ya 7: Linganisha misimu inayolingana

Siku saba za mavuno hazilinganishwi na siku saba za njaa. Utafiti mzuri husambaza mahojiano mwaka mzima. Ule wa 2019/20 ulikatizwa na karantini ya korona na kuendelea baadaye, kwa hiyo usome ukijua hivyo.

Hatua ya 8: Gawanya kwa mikoa

Wastani wa taifa huficha Karamoja, kaskazini-mashariki mwa nchi, ambako mwaka 2019/20 karibu theluthi mbili ya watu walikuwa chini ya mstari. Uzuri wa pengo ni kwamba hugawanyika bila kubaki kitu: pengo la kila mkoa, mara sehemu ya watu wake katika nchi, ukijumlisha unarudi kwenye pengo la taifa. Hesabu kwa watu, si kwa kaya. Kaya ya watu tisa izidishwe kwa tisa, pamoja na uzito wake wa sampuli, yaani idadi ya kaya ambazo kaya hiyo inaziwakilisha. Kisha kando ya kila pengo andika ni kaya ngapi zilizohojiwa. Zikiwa chache, simama kwenye mkoa, usishuke hadi wilaya.