Somo: Njia ipi ya kazi inafaa mradi wa tovuti yenye mfumo wa kusimamia maudhui?

Tovuti tunazojenga hapa Dodoma, iwe ya taasisi iliyohamia Mtumba au ya ushirika wa wakulima wa zabibu, mara chache huchelewa kwa sababu ya programu. WordPress, mmojawapo wa mifumo hiyo ya kusimamia maudhui, unaisimika asubuhi, mchana iko hewani. Kinachochelewa ni maudhui: nani ayaandike, nani ayapitie, nani aidhinishe. Hao ndio waamue njia ya kazi, si mtindo unaosifiwa mwaka huu.

Hatua ya 1: Fuata tangazo moja. Kaa na afisa habari, chukua tangazo lililotoka karibuni, ulize lilipita meza ngapi na lilikaa wapi muda mrefu. Andika vyeo, si majina. Kama kila aya inasubiri saini ya mkuu, mizunguko ya wiki mbili itakwama mezani kwake hata timu yako ikiwa hodari. Basi omba mapema mtu mmoja apewe mamlaka ya kuamua. Asipopatikana, usiahidi Skramu, yaani hiyo kazi ya mizunguko mifupi, kila mmoja ukiishia na kitu cha kuonesha.

Hatua ya 2: Soma mkataba. Malipo yakifuata hatua, na fedha za serikali zikihesabiwa hadi 30 Juni, mteja atataka mtindo wa maporomoko: mahitaji, usanifu, ujenzi, majaribio, makabidhiano, kila hatua ikingoja iliyotangulia iishe. Si dhambi. Lakini Winston Royce, aliyeuchora mtiririko huo mwaka 1970, alionya palepale kwamba una hatari, kwa kuwa majaribio yanakuja mwishoni, wakati kosa limeshakuwa ghali. Wengi waliubeba mchoro wakaliacha onyo.

Hatua ya 3: Gawa mradi. Hapa ndipo penye kazi. Yapo mambo ambayo ukiyabadilisha baadaye unabomoa nyumba: aina za maudhui, ngazi za ruhusa, lugha mbili, uhamishaji wa kurasa za zamani. Yafunge mapema, kwa maandishi. Anayehama kutoka Drupal 7, toleo la zamani la mfumo mwingine wa maudhui ambalo msaada wake rasmi ulikoma 5 Januari 2025, anaweza kuhesabu kurasa na sehemu zake zote kabla ya kuanza; maporomoko yanamfaa kwa sehemu hiyo. Mwonekano, menyu, utafutaji na fomu havijulikani mpaka mtu avishike kwenye simu yake. Hivyo vipeleke kwa Skramu, ambayo sprinti yake, yaani mzunguko mmoja, haizidi mwezi mmoja. Mimi napendelea wiki mbili, na kila mzunguko uishie kwa afisa habari kupandisha ukurasa mwenyewe, wewe umekaa pembeni kimya.

Hatua ya 4: Baada ya uzinduzi, hamia Kanbani: ubao unaoonesha kila kazi imefika wapi, na ukomo wa kazi zinazoendelea kwa wakati mmoja.

MASWALI YA WANACHAMA

*Singida: Mwalimu, niko peke yangu, mteja ni shule. Nitumie Skramu?*
Hapana, ndugu yangu. Skramu inagawa majukumu matatu, nawe huwezi kuyabeba yote na bado ukapata wa kukukosoa. Tumia ubao wa Kanbani, na kila Ijumaa mwoneshe mwalimu mkuu kilichokamilika.

*Kondoa: Mteja anataka bei moja, lakini kila wiki ana wazo jipya. Nifanyeje, kaka?*
Funga bei na idadi ya mizunguko, acha orodha ya kazi iwe wazi. Wazo jipya likiingia, lingine la ukubwa huohuo linatoka, na mteja ndiye anayechagua lipi. Liandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo ya awali, maana baada ya hapo litaonekana ni ukaidi wako.

*Nkuhungu: Maudhui hayaji. Nizindue na maandishi ya kujazia?*
Usifanye hivyo, dada. Mwananchi anayetafuta ada ya kibali atakutana na maneno yasiyo na maana. Zindua kurasa chache zilizo kamili: huduma, gharama, mawasiliano, matangazo. Zisizo na maandishi zisionekane kwenye menyu, na kwenye ubao wenu kila moja iwe na jina la idara inayodaiwa maandishi.