Globe, London: nunua tiketi ya kusimama

Ukienda London kusomea maigizo msimu wa kiangazi, ingia Shakespeare's Globe, ukumbi wa maigizo, kwa tiketi ya kusimama uwanjani mbele ya jukwaa, ambayo ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Fika kabla milango haijafunguliwa, nenda moja kwa moja mbele, uegemee ukingo wa jukwaa. Hapo unaona mwigizaji anavuta pumzi wapi na anaigawaje sentensi ndefu, mambo ambayo darasani huelezwa tu. Waigizaji nao wanakuona, maana uwanja hauna paa na taa hazizimwi, kwa hiyo mara nyingi husema na watu wa mbele ana kwa ana. Kwangu mimi hakuna kiti kinachoshinda nafasi hiyo.

Ila haifai siku mliyoshinda mkitembea mjini na marafiki: onyesho linaweza kupita saa mbili na nusu, na kukaa chini wakati wa igizo hakuruhusiwi. Mvua nayo hainyamazishi onyesho, na miavuli imekatazwa, basi beba koti la mvua lenye kofia. Bora mwende onyesho la mchana, kisha mvuke daraja la Millennium Bridge kwa miguu hadi kanisa kuu la St Paul's.