Somo: kulisha ndege wa nyuma ya nyumba kipindi cha theluji (Minnesota, Marekani, na majirani)

Wakuu, kila theluji ikianguka naulizwa lile lile, "ndege niwape nini?", kwa hiyo naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

1. Nunua alizeti nyeusi zile ndogo za ganda jembamba. Ndege wa huku kama chikadii (kale kadogo kadogo), kardinali na kigogota, wote wanakula. Mifuko ya bei chee imejaa mtama mwekundu, ndege wengi wa huku wanaumwaga chini tu.

2. Ongeza shahamu ya ng'ombe isiyo na chumvi.

3. Ning'iniza kilishio (chombo cha kuwekea ndege chakula) ndani ya mita 1 kutoka dirishani, au zaidi ya mita 10. Hapo katikati ndege anachanganya mbio, anajigonga kwenye kioo.

4. USAFI. Hapa ndipo watu wanapowaua ndege wakidhani wanawasaidia, maana kilishio kinakusanya ndege wengi sehemu moja, wanakula na kunyea hapo hapo, mmoja akija na salmonela (bakteria wa tumboni) anawapa wenzake. Winter ya 2020 kuamkia 2021 ugonjwa huo uliua ndege wengi Marekani, hasa saiskini (ndege wadogo wala mbegu), na majimbo kadhaa yakaomba watu washushe vilishio. Kila wiki mbili mwaga kila kitu, sugua kwa sabuni, loweka dakika 10 kwenye blichi kipimo kimoja kwa maji tisa, suuza sana, KAUSHA kabisa ndiyo ujaze. Usioshee kwenye sinki la vyombo. Ukiona ndege amejitutumua manyoya, amezubaa, ukimsogelea haruki, shusha kilishio wiki mbili, usimwonee huruma ukaendelea kumwaga chakula.

5. Maji: beseni lenye hita ndogo ya umeme. Dawa ya kuzuia kuganda ni sumu, usithubutu.

6. Theluji ya bustanini iache. Panya wa porini wanaishi chini yake, kuna joto kuliko juu. Asubuhi toka na watoto msome nyayo: za mbele zikikaa sambamba ni kindi, zikifuatana ni sungura. Raha tupu.

MASWALI

— Mkate na wali uliobaki je?
Hapana. Rudi namba 1 hapo juu, wape alizeti.

— Sijasoma yote mkuu, kuna kulungu hapa niwamwagie mahindi?
Ungesoma kwanza. Kulungu usimpe kitu, winter tumbo lake limezoea vijiti, mahindi mengi ya ghafla yanachachuka ndani na kumuua. Na sehemu nyingi za Minnesota sheria inakataza.

— Samahani kaka, chikadii hafiki hata gramu 15, usiku wa -25 anaponaje?
Dada hili swali zuri sana. Mchana anakula ananenepa, usiku anajificha kwenye tundu la mti, anashusha joto la mwili kama digrii 10 hivi huku anatetemeka kuchoma yale mafuta, mpaka kunakucha yameisha karibu yote. Ndiyo maana jaza kilishio jioni, akute chakula alfajiri.

— Nikisafiri Krismasi watakufa njaa?
Hapana, chakula chao kingi wanajitafutia wenyewe.

— Kindi anamaliza zote!!
Changanya na pilipili ya unga, ndege hausikii ule ukali, kindi anausikia. Vaa glavu, usipeleke mkono machoni.

— Hivi kuna sehemu ya kupeleka hesabu ya ndege ninaowaona?
Ipo, Great Backyard Bird Count, kila Februari tangu 1998, dakika 15 zinatosha na ni bure. Andika hata kama umeona mmoja.