Somo: Mjue mnunuzi kabla hujaagiza vifaranga

Wengi mmeniuliza mtaji wa kufuga kuku wa nyama. Tuanze na mnunuzi kwanza. Broila akifika wiki ya tano au ya sita anatakiwa atoke bandani. Akibaki, kila siku anakula faida yako.

Hatua ya 1: Mtaje mnunuzi kwa kazi yake
"Watu wa Mbagala" si jibu. Muuza chipsi, mama lishe, hoteli na familia wote wananunua kuku, ila kila mmoja ana kuku wake. Muuza chipsi anataka wa kilo moja na kidogo, anayetoa vipande vinne vinavyolingana, maana anauza robo na nusu. Mpelekee wa kilo mbili na nusu, atakusifia halafu akulipe bei ile ile. Hoteli inataka waliochinjwa na kusafishwa, uzito mmoja, na risiti ya mashine. Familia huchukua mmoja mmoja, ila Idi, Krismasi na Pasaka zinawabadilisha. Halafu yupo mama anayekaanga vichwa, miguu na utumbo jioni kando ya barabara. Wafugaji wapya humsahau, na yeye ndiye anayekuja na ndoo yake siku ya kuchinja na kulipa taslimu.

Hatua ya 2: Kaa kwake
Chagua aina moja. Kama ni muuza chipsi, nenda saa kumi jioni anapowasha jiko, agiza sahani, hesabu vidari na mapaja kwenye kioo. Pita tena saa tatu usiku uone vimebaki vingapi. Fanya hivyo Jumatatu na Ijumaa, mwisho wa mwezi na katikati, mifuko ikiwa imekauka.

Hatua ya 3: Uliza ya jana
Ukiuliza "nikileta kuku utanunua?" utajibiwa ndiyo, hatupendi kumvunja mtu moyo. Uliza hivi: Jana ulichukua wangapi? Kwa nani? Anakuletea au unamfuata? Unalipa papo hapo au mali kauli? Mara ya mwisho alikuangusha lini? Hilo la mwisho ndilo linalokuonyesha pa kuingilia.

Hatua ya 4: Piga hesabu
Muuza chipsi anayechukua kuku 5 kwa siku, siku 6, anamaliza 30 kwa wiki. Kuku 200 wakikomaa pamoja, unahitaji wauzaji 7 wa namna hiyo ili banda liishe ndani ya wiki. Unao watatu tu? Ingiza vifaranga kidogo kidogo kwa awamu.

Hatua ya 5: Jaribu na kuku wa mwenzio
Nunua kumi kwa mfugaji mwingine, wapelekee. Hapo hutafuti faida, unaangalia nani atapokea simu yako mara ya pili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, shikamoo. Mtaani kwetu wafugaji wamejaa. Niache?
Marahaba. Chunguza wanamuuzia nani. Kama wote wanamtegemea dalali mmoja wa pikipiki, wachuuzi wanaochukua kuku wawili watatu tu kwa siku hawana mtu wa kuwapelekea. Anza nao. Kama kila mchuuzi ana mtu wake wa miaka mingi, fuga kitu kingine.

Niko Unguja. Ramadhani nifanyeje?
Chipsi za mchana husimama, biashara huhamia usiku. Lenga familia za Idi. Ila usifuate tarehe ya mwaka jana: mfungo hurudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka. Anzia Idi, hesabu wiki tano au sita kurudi nyuma, hapo ndipo vifaranga waingie.

Hoteli imenikubali, lakini wanalipa baada ya siku 30.
Una hela ya chakula cha kundi linalofuata bila kugusa hela yao? Kama huna, huyo si mteja wako kwa sasa, hata awe na jina kubwa vipi. Kama unayo, mpe kuku 20, waliobaki wapeleke kwa wanaolipa taslimu.