Kabla hujamhamisha mtu mwenye ulemavu hapa Uingereza: kodi, kaunsili na tarehe

Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu tangu apate kiharusi, na mwaka juzi tulipompatia nyumba ya chini isiyo na ngazi tulifurahi mpaka tukasaini mkataba siku ileile. Jioni ndo nikachukua futi kamba: kiti sentimita 66, mlango wa bafu sentimita 61. Hizo sentimita 5 zilituingiza kwenye kodi ya nyumba mbili, manake kule kupya haingiliki na kule kwa zamani bado yeye ndo mpangaji. Kwa hiyo wenzangu mnaotunza mzazi au mtoto huku, au wewe mwenyewe una ulemavu na unataka kuhama, nawaomba sana mpime kwanza. Milango yote, kona ya korido, nafasi ya kugeuza kiti chooni, na kile kizingiti cha mlango wa mbele ambacho kwa mtu anayetembea hata hakionekani.

Halafu angalia karatasi za uhamiaji. Kama viza ina lile sharti la kutotumia pesa za umma, basi Universal Credit (malipo ya serikali kwa wenye kipato kidogo), Housing Benefit (msaada wa kulipia kodi ya nyumba) na PIP (posho ya ulemavu) zote zimo humo, usijaze fomu kwa sababu tu jirani kakwambia yeye alipata. Nenda kwanza Citizens Advice, hawalipishi, au kwa mwanasheria wa uhamiaji.

Sasa hiyo kodi mbili. Msaada upo, wengi hawaujui na hakuna atakayekwambia usipouliza. Kama uko Universal Credit na tayari walikuwa wanakulipia kodi ya nyumba ya zamani, na umechelewa kuhamia kwa sababu nyumba mpya inarekebishwa kwa ajili ya ulemavu, wanaweza kukuhesabia nyumba zote mbili mpaka mwezi 1. Kwa walio bado kwenye Housing Benefit ni wiki 4. Kwenye Universal Credit huyo mwenye ulemavu lazima awe anapata PIP sehemu ya maisha ya kila siku, au Attendance Allowance, posho ya wazee wanaohitaji uangalizi, au DLA, posho nyingine ya ulemavu, sehemu ya uangalizi ngazi ya kati au ya juu. Kwa hiyo kama PIP ya mtu wako haijajibiwa, fikiria mara mbili kabla ya kukimbilia kuhama.

Ila mwezi 1 hautoshi, jamani. Kuna ruzuku ya kaunsili ya kurekebisha nyumba, siyo mkopo, inaitwa Disabled Facilities Grant, hapa England inaweza kufika pauni 30,000 na Wales 36,000, lakini sheria inaipa kaunsili mpaka miezi 6 kukujibu tangu ombi lako likamilike. Kaunsili inapewa miezi 6, mtu mwenye ulemavu anapewa mwezi 1, hainiingii akilini mpaka leo. Dawa niliyoiona mimi ni kuanza mapema: mwombe yule mtaalamu wa kaunsili anayekuja kupima nyumba, tunamwita OT, aione nyumba mpya kabla hujasaini, mwombe mwenye nyumba idhini ya maandishi kwamba anakubali milango ipanuliwe na bafu libadilishwe, na mwombe pia asogeze mbele tarehe ya kuanza mkataba. Sisi tulipiga simu tu, mwenye nyumba akasema sawa sawa, baadae akakana, na hatukuwa na chochote cha kuonyesha. Na tafadhali fundi asiguse hata msumari kabla ruzuku haijaidhinishwa, ukianza mapema unaweza kuikosa yote. Mtu mzima wanaangalia kipato na akiba, mtoto hawaangalii za wazazi.

Vyumba navyo. Nyumba ya kaunsili au ya shirika la nyumba, ukiwa na chumba 1 wanachosema kimezidi wanakata 14% ya kodi inayohesabiwa kwenye Universal Credit au Housing Benefit yako, vikiwa 2 au zaidi 25%. Lakini kama kuna mtu anayekuja kulala usiku mara kwa mara kumhudumia mgonjwa, kama mimi ninavyolala kwa mama, chumba chake kinahesabiwa kuwa cha lazima. Vilevile mtoto asiyeweza kulala chumba kimoja na mwenzie kwa sababu ya ulemavu, na hata mume na mke. Ila lazima useme, na uwe na ushahidi, mimi niliandika usiku ninaolala kule kwenye kalenda ya ukutani, nikaipiga picha kila mwisho wa mwezi. Nyumba ya mtu binafsi ni kesi nyingine, pale kuna kiwango cha eneo na kodi ikikizidi unaongeza mwenyewe, kwa hiyo angalia kiwango cha mtaa unaohamia, siyo cha ulikotoka.

Pesa ikipungua, au hata ya dipoziti na gari la kuhamisha vitu, omba kaunsili msaada wa ziada. Huo ndo ulikuwa unaitwa DHP, kwa England kuanzia Aprili 2026 umeingizwa kwenye Crisis and Resilience Fund. Siyo haki ya moja kwa moja, wanaamua wao, kwa hiyo barua yako ieleze ulemavu umesababisha gharama gani hasa. Uliza pia punguzo la council tax, ule ushuru wa nyumba unaolipwa kaunsili, kama nyumba ina chumba au bafu la ziada kwa ajili ya mwenye ulemavu, au nafasi ya kiti ndani: unashushwa bendi moja, yaani daraja moja la malipo.

Kwenye Universal Credit waambie anwani mpya na kodi mpya siku ileile, kwenye akaunti, manake wanaangalia hali yako ya mwisho wa ule mwezi wao wa hesabu, siyo mwezi wa kalenda, na ukichelewa kuripoti mpaka mwezi umeisha unaweza kupoteza nyongeza yote ya mwezi huo. PIP wapigie wenyewe, usitegemee ofisi moja itaiambia nyingine. Na siku ya kurudisha funguo za nyumba ya zamani dai karatasi yenye tarehe na sahihi, hata kama anayezipokea ana haraka.