Matokeo ya kidato cha nne yakitoka vibaya: mzazi aanzie wapi

Orodha ya matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, huwekwa mtandaoni, kwa kawaida Januari, na yeyote mwenye namba ya mtihani ya mtoto wako anaweza kuona alama zake zote kabla hata yeye hajazifungua. Kwa hiyo mpange mapema: atafungua nani, mkiwa wapi, nani ataambiwa kwanza. Akitaka kufungua peke yake, mwache. Kundi la ukoo la WhatsApp lijibiwe na mzazi, kwa sentensi moja: "Tumeyaona, tutawaambia tukiwa tayari." Mtoto asiachiwe mzigo huo.

Akikuta divisheni 0, yaani amefeli, saa ya kwanza usimpe mawaidha. Aliyejaa hofu na aibu hashiki hoja, ila sauti yako na sura yako atazikumbuka. Kaa karibu naye, umwambie: "Najua imekuuma. Hata mimi imeniuma. Tutapanga pamoja." Kisha nyamaza. Akilia, alie. "Usijali, si kitu" nayo haifai: akiona maumivu yake yamepuuzwa, kesho hatakuletea mengine.

Yapo mambo yanayoumiza kuliko hata ukali: kumhesabia ada uliyolipa, kumlinganisha na binamu yake, na kununa. Kununa ndiko kubaya zaidi. Kijana asiyeitikiwa salamu siku tatu anaelewa kwamba nyumbani anapendwa kwa alama. Mtihani ujao ataingia akitetemeka, au matokeo atayaficha. Kumnyang'anya simu wiki hiyo nako kunamtenga na wenzake wakati anawahitaji.

Mzazi hapaswi kulegea, lakini. Mwanasaikolojia Diana Baumrind, tangu miaka ya 1960, alitofautisha malezi ya kimabavu, malezi ya kuachia tu, na malezi yenye upendo pamoja na mipaka inayoelezwa sababu zake. Tafiti nyingi zilizofuata zimeyahusisha haya ya mwisho na utulivu zaidi wa moyo kwa vijana. Mipaka ina siku yake: ya tatu au ya nne, watu wakishalala na kula.

Hapo keti naye nusu saa, karatasi mezani. Aanze yeye: somo lipi lilimshinda, tangu lini? Sikiliza hasa yasiyo ya darasani, kama macho yasiyoona ubao, au kazi za nyumbani zilizomla jioni zote. Kisha andikeni njia zilizopo: kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, au ufundi katika vyuo vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Yeye achague, wewe uweke bajeti, saa za kusoma na tarehe ya mwisho ya kuamua, usajili usije ukafungwa mkiwa bado mnajadili.

Fuatilia usingizi na chakula. Wiki mbili zikipita hapati usingizi, hagusi chakula, amejifungia chumbani, mpeleke hospitali. Akitamka kwamba heri afe, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Asibaki peke yake hata kidogo. Ondoa dawa, sumu ya panya na viuatilifu vya shambani, mfike hospitali siku hiyohiyo. Namba 116, ya kusaidia watoto, hupigwa bure Tanzania na Kenya.